Daftari la Majina na Walinzi Wake

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na walimu.)



Siku matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, mwalimu wa wilayani huchukua simu yake, huandika necta.go.tz, kisha hungoja. Mzazi aliyeko shambani hufanya vivyo hivyo, na mtahiniwa mwenyewe, ambaye huenda usiku uliopita hakupata usingizi, hufanya vivyo hivyo. Ukurasa ukichelewa kufunguka, lawama huangukia kampuni ya simu. Ukifunguka, hapana anayejiuliza ni nani aliyeielekeza simu ile mahali pa kwenda. Mazungumzo haya yanamhusu huyo aliyeielekeza. Kazi yake ikivurugika, au ikitwaliwa na mhalifu, mzazi yule ataandika jina lililo sahihi, herufi kwa herufi, na bado atafikishwa mlangoni kwa tapeli.

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa nambari, na nambari hizo ni ndefu kiasi kwamba hakuna mzazi atakayezikariri. Kwa sababu hiyo, kati ya jina na nambari limewekwa daftari, na daftari hilo ndilo linaloitwa mfumo wa majina ya vikoa. Mtumishi aliyepata kufanya kazi katika masijala atauelewa upesi. Masijala kuu haijui kilichoandikwa ndani ya kila jalada. Inajua tu majalada ya elimu yanatunzwa na nani na ya afya yanatunzwa na nani. Jina lile la Baraza la Mitihani nalo husomwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kwanza huulizwa seva za ngazi ya juu kabisa, ziitwazo seva za mzizi: ni nani anayetunza tz? Watunzaji wa tz nao huulizwa juu ya go.tz na jina lililotangulia hapo, mpaka apatikane mwenye nambari kamili. Safari yote hiyo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Jibu likishapatikana huwekwa akibani kwa muda, ili swali lile lile lisirudiwe kila dakika.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970 daftari zima lilikuwa faili moja tu, lililotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California. Aliyetaka kompyuta yake iandikwe alipeleka ombi katika ofisi hiyo, na wengine wote walinakili faili hilo upya. Kompyuta zilipoongezeka, ofisi moja na faili lake moja hazikuweza kuhimili. Ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyekuwa akifanya kazi na Jon Postel katika Chuo Kikuu cha Southern California, alipotoa mpango wa kuligawa daftari, kila mwenye eneo atunze kurasa zake mwenyewe. Mataifa yalipoanza kupewa kurasa zao, Postel alitumia orodha ya kimataifa ya herufi mbili mbili iliyokwisha kuwapo, asije akajikuta yeye, mhandisi, anaamua nani ni nchi na nani si nchi. Herufi za Tanzania zikawa t na z, ambazo Mtanzania akiziona hukumbuka mara moja Tanganyika na Zanzibar.

Kugawanywa huko kulileta nguvu na udhaifu kwa pamoja.

Nguvu yake ilionekana tarehe 21 Oktoba 2002. Seva za mzizi zina majina 13, nazo huendeshwa na taasisi 12: vyuo vikuu, makampuni, jeshi la Marekani, shirika la anga la NASA, na taasisi za Uswidi, Uholanzi na Japani. Siku hiyo zote 13 zilishambuliwa kwa pamoja. Zilimiminiwa maswali ya uongo kwa muda wa kama saa moja, na nyingi zikaelemewa. Hata hivyo watumiaji wengi duniani hawakutambua kwamba kuna lolote lililotokea, kwa kuwa zilizobaki ziliendelea kujibu na majibu ya awali yalikuwa bado akibani. Tangu wakati huo nakala za seva hizo zimeenezwa kila bara, na sasa zimepita 1,500. Mwaka 2022 shirika la ICANN, ambalo ndilo linaloratibu mfumo huu, lilitangaza kuweka kundi la seva hizo nchini Kenya, ili maswali ya Afrika yaweze kujibiwa Afrika.

Udhaifu ni jambo lingine. Mfumo wa mwaka 1983 ulibuniwa na watu waliokuwa wakifahamiana. Kompyuta inapouliza, hupokea jibu la kwanza linalofanana na swali lake, bila njia ya kujua kama limetoka kwa mtunzaji wa kweli au kwa mtu aliyewahi njiani. Mwaka 2008 mtaalamu Dan Kaminsky alitambua kwamba jibu la uongo lingeweza kupenyezwa kwa urahisi usiokuwa umedhaniwa, tena likakaa akibani na kuwapotosha maelfu ya watu. Angeweza kuiuza siri hiyo kwa fedha nyingi. Aliwaendea watengenezaji wa programu, wakakutana kwa siri mwezi Machi mwaka huo, na tarehe 8 Julai makampuni hasimu katika biashara yakatoa kwa siku moja marekebisho ya kasoro ile. Ni nadra kuwaona mabepari wakipatana namna hiyo bila kulazimishwa.

Marekebisho yale yalipunguza hatari, hayakuiondoa. Dawa ya kweli ilikuwa kuyatia majibu saini, kama barua ya Serikali inavyotiwa mhuri na kupigwa lakiri. Kila mtunzaji hutia saini ya kihisabati juu ya kurasa zake. Aliye juu yake huthibitisha saini hiyo. Na kadhalika mpaka kwenye mzizi. Anayepokea jibu hukagua mnyororo huo, na pete moja isipolingana, hulikataa. Mzizi wenyewe ulitiwa saini tarehe 15 Julai 2010.

Hapo likazuka swali ambalo kila mtumishi aliyewahi kutunza ufunguo wa kasiki analijua: ufunguo wa saini ile ya juu kabisa ashike nani? Ukishikwa na mtu mmoja, ataogopwa au atahongwa. Ukishikwa na serikali moja, nyingine hazitauamini. Utaratibu uliowekwa unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana una mafunzo hata kwa ofisi isiyo na kompyuta.

Ufunguo huo huhifadhiwa ndani ya vyombo maalumu katika vituo viwili, kimoja El Segundo, California, kingine Culpeper, Virginia. Mara nne kwa mwaka hufanyika kikao cha kuutumia. Pamoja na watumishi wa ICANN, huhudhuria watu waliochaguliwa kutoka nchi mbalimbali ambao si watumishi wa shirika hilo. Kila kituo kina watu saba, kila mmoja na ufunguo wa kijisanduku chenye kadi, na hawatimii kazi mpaka wafike angalau watatu. Wengine saba wanashika vipande vya akiba, vitumike endapo vituo vyote viwili vitapatwa na maafa. Miongoni mwa waliochaguliwa mwaka 2010 walikuwamo Alain Aina wa Benin na Moussa Guebre wa Burkina Faso. Kikao huendeshwa kwa karatasi iliyochapwa hatua zote. Kila hatua huandikwa saa yake. Na shughuli nzima hurushwa ili yeyote duniani aitazame. Anayeitazama huchoka upesi, kwa sababu hakuna linalosisimua. Watu wanasoma kwa sauti mfululizo wa herufi, wanahakiki, wanatia sahihi, wanaendelea.

Uchovu huo ndio ulinzi wenyewe. Mwezi Februari 2020 kasiki moja ya El Segundo ilikataa kufunguka. Hakuna aliyependekeza njia ya mkato. Aliitwa fundi, kasiki ikatobolewa, na kikao kikafanyika siku chache baadaye mbele ya mashahidi. Miezi miwili baadaye ugonjwa wa UVIKO-19 ulizuia watu kusafiri. Kikao kilifanywa na watumishi wachache mno, funguo zikiwa zimetangulizwa na wenyewe wakishuhudia kutoka makwao. Saini zikatengenezwa za miezi tisa badala ya mitatu, iwapo hali ingezidi kuwa mbaya. Hata kuubadili ufunguo wenyewe kwa mara ya kwanza, kazi iliyopangwa tarehe 11 Oktoba 2017, kuliahirishwa kwa mwaka mzima, kwa kuwa takwimu zilionyesha kwamba baadhi ya watoa huduma duniani hawakuwa tayari. Ulibadilishwa tarehe 11 Oktoba 2018, bila vurugu ya maana.

Basi kama juu pamelindwa hivyo, hatari iko wapi? Iko chini, katika ofisi za kawaida.

Mwishoni mwa mwaka 2018 iligunduliwa kwamba wahalifu walikuwa wameyateka majina ya ofisi za Serikali za Lebanon na Falme za Kiarabu. Hawakuvunja seva za ofisi hizo. Walijipatia nywila za kuingilia katika daftari la majina, wakafuta nambari iliyokuwamo, wakaandika ya kwao. Tangu dakika hiyo barua pepe za watumishi zilipitia kwa wahalifu kwanza. Mtumishi aliandika jina lile lile la kila siku, akaweka nywila yake, naye akawa amemkabidhi adui. Marekani yenyewe ilishtuka. Tarehe 22 Januari 2019 idara zake za kiraia ziliamriwa, ndani ya siku 10 za kazi, kukagua kumbukumbu za majina yao yote, kubadili nywila na kuongeza uthibitisho wa pili kwa kila mwenye ruhusa ya kuandika katika daftari. Nchi iliyozaa intaneti ilipaswa kuwakumbusha watumishi wake kwenda kutazama kilichoandikwa katika kurasa zao wenyewe.

Pengine hapahitajiki hata adui. Tarehe 12 Oktoba 2009, watunzaji wa majina ya Uswidi walikuwa wakifanya matengenezo ya kawaida, na programu yao ikaacha kuweka nukta moja mwishoni mwa majina. Majina yapatayo 900,000 yakawa hayapatikani. Kosa lilisahihishwa katika muda wa saa moja hivi, lakini majibu mabovu yalikwisha kuingia akibani kwa wengi, na athari zake zikaendelea kwa saa nyingi baadaye. Walimu wanaokata alama kwa ajili ya nukta iliyosahauliwa wanayo sasa hoja ya kuwajibu wanafunzi wanaolalamika. Na lakiri nayo huweza kumdhuru mwenyewe. Tarehe 30 Januari 2024 hitilafu katika saini za majina ya Urusi iliwafanya wenye kukagua wayakatae majina halali kabisa, na tovuti nyingi za nchi hiyo zikatoweka kwa saa kadhaa. Aliyeweka saini kwenye daftari lake amejitwisha wajibu wa kuihuisha kwa wakati, kila mara, bila likizo.

Sasa ndugu wengi wenye uzalendo husikia habari hizi wakatoa rai ambayo mwanzoni ina mvuto mkubwa. Husema: ikiwa daftari hili ni nyeti hivi, Taifa lijitegemee, seva zote za tz ziwekwe ndani ya mipaka, mgeni asizikaribie. Rai hiyo haifai kudharauliwa, kwani historia imeipa haki. Katika miaka ya mwanzo ya intaneti, nchi nyingi za Afrika zilitunziwa majina yao na wataalamu wa ng'ambo waliojitolea. Wengi wao walikuwa watu wema, lakini wema wa mtu si utaratibu. Nchini Libya, mwezi Aprili 2004, mgogoro juu ya nani mwenye haki ya kutunza daftari ulipozuka, majina ya nchi nzima yalizimika kwa siku kadhaa. Tanzania ilifuata njia iliyo bora. Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti waliunda tzNIC mwaka 2006, chombo kisichotafuta faida, na mwaka 2010 chombo hicho kikakabidhiwa rasmi herufi za Taifa.

Kilichorudi nyumbani mwaka ule ni kalamu, yaani mamlaka ya kuandika na kufuta. Kalamu hiyo isitoke tena. Nakala za daftari, hata hivyo, ni jambo tofauti, na ndipo rai ile ya wazalendo inapokosea.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika ya Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Katika siku kama hiyo, ikiwa nakala zote za daftari ziko Ulaya, mtumishi wa Dodoma atashindwa kufikia ofisi iliyoko Dar es Salaam ingawa waya wa kati ya miji hiyo ni mzima, kwa sababu tu aliyepaswa kumwonyesha njia yuko ng'ambo ya waya uliokatika. Na ikiwa nakala zote ziko Dar es Salaam, ubalozi wa London na mwanafunzi wa Guangzhou watakuta nchi yao haipo. Tangu mwaka 1997 miongozo ya wahandisi wa intaneti imeelekeza seva za jina moja zitawanywe katika mahali mbalimbali na njia mbalimbali. Kampuni ya Facebook, kwa utajiri wake wote, ilionja matokeo ya kuweka kila kitu chini ya paa moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 kosa la matengenezo liliukata mtandao wake wa ndani. Seva zake za majina, zote zikiwa ndani ya mtandao huo huo, zikajiondoa. WhatsApp, Instagram na Facebook zikatoweka duniani kwa kama saa sita, Afrika ya Mashariki ikiwamo, na zana ambazo mafundi wangetumia kurekebisha zikawa zimefungiwa humo humo.

Mtu atauliza: nakala zikikaa kwa mgeni, si ataziharibu? Hapo ndipo saini inapotoa faida yake kubwa kuliko zote. Nakala iliyotiwa saini haiwezi kubadilishwa na anayeitunza. Akibadili nambari moja, saini haitalingana, na kila anayekagua ataikataa. Kwa hiyo nchi inayotia saini daftari lake na kuushika ufunguo wake kwa utaratibu mkali inaweza kutawanya nakala Nairobi, Johannesburg, Amsterdam na kwingineko bila kumwogopa mtunzaji yeyote. Asiyetia saini analazimika kuchagua kati ya kumwamini kila mtu na kujifungia ndani. Kujitegemea katika jambo hili kunapimwa kwa vijana wa Kitanzania wanaoweza kuutunza ufunguo huo usiku na mchana, kuuhuisha kwa wakati wake, na kulirudisha daftari likiharibika, bila kumpigia mtu simu ng'ambo. Vijana hao wanahitaji kulipwa na kuendelezwa, la sivyo makampuni yatawachukua.

Lakini hata daftari la Taifa likilindwa barabara, ukurasa wa kila ofisi na kila shule unabaki mikononi mwa ofisi au shule yenyewe, na huko hali inajulikana. Shule imefungua tovuti. Jina liliandikishwa na kijana aliyeitengeneza, kwa barua pepe yake binafsi. Kijana amekwisha kuhama mkoa. Ada ya mwaka ikifika, taarifa inakwenda kwake, naye haioni. Jina linakwisha muda, na lililo la kibiashara huweza kuchukuliwa na mwingine, akaweka humo michezo ya kamari, na wazazi wakaendelea kufuata anwani ile ile iliyoandikwa kwenye fomu za kujiunga. Idara nyingine ina nywila moja inayotumiwa na watu wanne, wawili kati yao wamestaafu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtaalamu kutoka Marekani. Yanahitaji barua pepe ya ofisi badala ya ya mtu, uthibitisho wa pili kwa anayeruhusiwa kubadili kumbukumbu, hati ya makabidhiano mtumishi anapohamishwa, na kasma ndogo ya ada ya jina katika makisio ya kila mwaka, isiyohamishiwa kununulia mafuta ya gari.

Mkuu wa shule au mkuu wa idara atakaporejea kazini kesho, na aliitishe jalada la tovuti. Akikuta humo jina la aliyeandikisha, tarehe ya kumalizika, na mahali nywila inapohifadhiwa, alirudishe masijala. Akiletewa jalada lenye stakabadhi moja ya miaka sita iliyopita, au akaambiwa kwamba jalada hilo halijapata kufunguliwa, na ampigie simu yule kijana kabla hajabadili namba.